Tupeane uzoefu: benchi za mbao za bustanini hapa Dodoma

Wakuu, habari za leo. Nataka tukusanye hapa uzoefu wa waliotengeneza benchi za bustani wenyewe. Miarobaini tumepanda, kivuli kipo, lakini wageni wakija tunawatolea viti vya plastiki ambavyo jua letu limeshavipasua.

Naanza mimi, nipo mtaa wa Kisasa. Nilitumia paina, mbao za inchi 2 kwa 8, mzigo wa Mufindi. Zikitoka huko huwa bado na maji, na hewa yetu kavu inazivuta kwa pupa: zinapinda na kupasuka. Kwa hiyo nilizipanga kivulini, vijiti kati ya mbao na mbao ili upepo upite, mawe mazito juu. Nilipoona zimekuwa nyepesi na hazitoi tena ubaridi mkononi, ndipo nikakata. Pa kukalia ni mbao mbili, zikiachana upana wa kidole ili maji ya mvua yashuke. Urefu kutoka chini sentimita 45. Hata mama mkwe ananyanyuka bila kushikwa mkono.

Wa Nkuhungu: Mkuu, umesahau mchwa! Fundi aliyenitengenezea alifukia miguu ardhini ili benchi isitikisike. Mvua za Desemba zilipokuja, mchwa wakapanda kwa ndani. Nje vanishi inang'aa, ukigonga inalia tupu. Nilipobonyeza kwa dole gumba, ubao ukaingia kama mkate. Ya sasa miguu yake inakaa juu ya tofali za saruji, na ncha za chini nimezipaka oili chafu. Juu usipake, itakuharibia nguo.

Wa Kondoa: Mimi sikununua ubao wa miguu. Tulipopunguza mwarobaini nyumbani nilikata vipande viwili vya shina, nikalaza ubao juu yake. Mchwa hawaukimbilii kama paina. Ila shina bichi hupasukia kwenye ncha, kwa hiyo zipake rangi nzito siku hiyohiyo uliyokata, likauke polepole.

Wa Mpwapwa: Kwa anayefikiria mbao za mninga: ni mzuri mno, lakini bei imepanda, na ni mti unaovunwa kwa kibali. Dai risiti. Kwa benchi ya nje paina iliyotiwa dawa inatosha kabisa. Pesa inayobaki nunua bolti badala ya misumari: mbao ikisinyaa, msumari unalegea moja kwa moja, bolti unaikaza kwa spana.

Wa Ilazo: Yangu ina bolti na bado inayumba kushoto na kulia.

Mimi tena: Dada, hapo hujaweka mshazari. Chukua 2 kwa 4, uikaze kutoka chini ya mguu hadi katikati ya boriti iliyo chini ya pa kukalia, pande zote mbili. Itatulia hata wakikaa watatu.