Picha ya kitambaa ya msitu wa mikoko: mizizi na rangi ya tope

Binti wa Tanga anauliza:
Habari zenu wanajamii. Ninatengeneza picha ya kitambaa yenye upana wa takriban mita moja, inayoonyesha msitu wa mikoko maji yanapokupwa, na vifaa nilivyo navyo ni marekani, vipande vya kanga kuukuu, katani na ukindu. Linalonitatiza kwanza ni mizizi, ambayo nikiichora kwa rangi hulala bapa na kupoteza uhai wake wote. Pili ni tope, kwani rangi za dukani hunipa hudhurungi moja tu, ilhali tope la mikokoni lina wekundu, kijivu na weusi kwa pamoja. Je, inafaa pia kubandika majani halisi?

Fundi wa Lamu:
Dada, amua kwanza ni mti gani unaouonyesha, maana mizizi yake haifanani. Mkoko huteremsha kutoka shinani mizizi iliyopinda kama matao, lakini mchu husimamisha juu ya tope vijiti vyembamba vya kupumulia. Kwa mkoko, sokota katani iwe kamba nene, ilaze juu ya kitambaa, kisha ishikize kwa uzi mwembamba unaovuka kamba kila baada ya sentimita moja. Katikati ya tao usishone kabisa, ili mzizi uinuke na kutupa kivuli. Kwa mchu, kunja ukindu mwembamba na uushone upande wa chini tu, ncha zibaki wima. Gundi ya maji uiepuke, kwa sababu unyevu wa pwani huilegeza.

Mtia rangi, Unguja:
Kuhusu tope, magome ya mkandaa, mti mwingine wa mikokoni, yana tanini nyingi, yaani kemikali ya mimea inayotia rangi. Yachemshe, uloweke marekani usiku kucha, nawe utapata wekundu wa hudhurungi. Kisha loweka misumari yenye kutu ndani ya siki, na maji yake uyapake kwa brashi mahali unapotaka giza: tanini ikikutana na chuma hugeuka kijivu hadi nyeusi, na palipokosa chuma wekundu hubaki. Usizidishe chuma, kwani hudhoofisha nyuzi za pamba, na ukimaliza suuza vizuri. Ninakuomba sana usichune mti uliosimama, kwa kuwa mti uliochunwa kuzunguka shina hufa. Tafuta magome yaliyobaki kwenye boriti zilizokatwa kwa kibali. Bizari ya manjano kama rangi pia usiitegemee, maana hupauka upesi juani.

Msanii, Kampala:
Majani halisi yakikauka huvunjika. Ni bora uchukue alama yake: yapange mabichi juu ya kitambaa kilicholowekwa katika maji ya kutu, viringisha kwa kukaza, funga kwa uzi, kisha fukiza kwa mvuke. Tanini ya jani huacha umbo lake, mara nyingine hadi mishipa. Kwa mashina, jaribu nguo ya magome ya mti wa mutuba, ambayo ufundi wake kutoka Uganda ulitangazwa na UNESCO mwaka 2005 na kuingizwa katika orodha ya urithi mwaka 2008. Gome hupondwa kwa nyundo za mbao badala ya kufumwa, hivyo unaweza kulikata kwa umbo lolote bila kukunja pindo. Lishone mwisho kabisa, baada ya kusuuza na kukausha kila kitu, kwa sababu likilowa huwa dhaifu.