Je, vigae vya kauri vya Shanga vinathibitisha hadithi ya Wachina waliovunjikiwa na chombo?

Mwana wa Siyu (ameuliza)

Assalaam alaykum, wazee wangu na ndugu zangu.

Nimezaliwa na kulelewa Siyu, kisiwani Pate, pwani ya kaskazini ya Kenya, na tangu utotoni bibi yangu amekuwa akinisimulia hadithi ambayo bila shaka wengi wenu mnaijua. Chombo cha Wachina kilivunjika kwenye miamba karibu na Shanga, mji wa kale wa kisiwani kwetu ambao sasa ni magofu, na mabaharia walionusurika wakafika ufuoni wakakuta wenyeji wanahangaishwa na chatu mkubwa. Walipomwua chatu huyo, wenyeji wakawakaribisha, nao wakasilimu, wakaoa na kukaa. Wapo wanaosema kwamba kuna koo za kwetu zinazotokana na mabaharia hao, na wapo wanaoongeza kwamba hata jina la Shanga limetokana na mji wa Shanghai.

Ninacho kigae nilichokiokota Shanga nilipokuwa mtoto wa miaka kumi hivi. Ni kipande cha kitako cha bakuli, upana wake kama vidole vitatu, chenye rangi ya kijani kibichi inayong'aa kikilowa maji. Pete ya kitako bado inashikika, na pale rangi ilipokoma udongo wake umekuwa mwekundu kama kutu. Mjomba wangu husema kwamba kigae hiki peke yake kinatosha kuwa shahidi wa maneno ya bibi. Ningependa kujua waliochimba Shanga walikuta nini hasa, na kama yapo majina ya watawala wa mji huo yanayojulikana.

Mtembeza Wageni, Amu

Waalaykumu salaam, mwanangu. Nimewapeleka wageni Shanga kutoka hapa Amu, yaani Lamu, kwa miaka mingi, tukiviziana na maji ili mashua isikwame kwenye tope la mikoko, na swali lako ndilo ninaloulizwa mara nyingi kuliko yote. Nitakujibu kwa urefu kidogo, kwa sababu Shanga inastahili.

Uchimbaji mkubwa ulifanyika katika miaka ya 1980 ukiongozwa na mwanaakiolojia Mark Horton. Kilichoufanya uwe wa maana ni kwamba wachimbaji hawakuridhika na kuta zinazoonekana, bali walishuka tabaka baada ya tabaka chini ya magofu ya Msikiti wa Ijumaa. Chini ya msikiti wa mawe walikuta msikiti mwingine ulio mdogo kuliko huo, na chini kabisa wakakuta mashimo ya nguzo za msikiti wa miti, mdogo mno, ambao kibla chake hakikuelekea Makka sawasawa. Huo wa miti ni wa mwishoni mwa karne ya 8. Kila nikisimama pale huwafikiria watu wale wachache waliokisia kibla kwa kadiri ya ujuzi wao, wakaswali, na watoto wao wakajenga juu ya mahali pale pale kwa mamia ya miaka bila kupahama.

Sasa tazama hesabu ya miaka. Mji ulianza katika karne ya 8 na ukahamwa mwanzoni mwa karne ya 15, kati ya 1400 na 1425 hivi. Safari za merikebu kubwa za Zheng He, amiri wa bahari wa China, ambazo ndizo watu huziunganisha na hadithi ya bibi yako, zilikuwa kati ya 1405 na 1433. Kwa hiyo, hata kama mabaharia hao walifika, walifika mji ukiwa unakaribia kufa, na hawawezi kuwa waanzilishi wake wala chimbuko la jina lake. Hilo la Shanghai mimi silikubali hata kidogo, kwa kuwa kufanana kwa sauti si nasaba.

Kigae chako, kwa jinsi ulivyokieleza, kinaelekea kuwa cha kauri ya kijani ya Longquan, kusini mwa China. Wekundu ule wa kitakoni ni alama inayojulikana sana: udongo wa kule una chuma, na pale usipofunikwa na rangi huwa mwekundu tanuruni. Lakini bakuli za namna hiyo zilichuuzwa bahari nzima, kuanzia China hadi India, Ghuba ya Uajemi na kwetu, zikipita mikononi mwa wafanyabiashara wengi. Kauri za Kichina zimepatikana Shanga na kisiwa jirani cha Manda katika tabaka za karne ya 9, yaani miaka 500 na zaidi kabla ya Zheng He, zikiwa pamoja na mitungi ya Kiajemi yenye rangi ya buluu na kijani. Bakuli husafiri bila mfinyanzi wake.

Jambo ambalo wageni hawaliulizi, nami hulisema bila kuulizwa, ni kwamba sehemu kubwa kabisa ya vigae vya Shanga ni vya vyungu vya kwetu vya kupikia, vyenye michoro ya pembe tatu iliyokwaruzwa mabegani. Vyungu vya jamaa hiyo vimeonekana pwani nzima, na vimeonekana pia bara. Waliovifinyanga ndio waanzilishi wa Shanga, na chungu cheusi cha masizi kinastahili heshima ile ile tunayoipa bakuli ya kijani.

Kuhusu watawala, zipo sarafu za fedha zilizopatikana Shanga, ndogo mno, nyembamba kama gamba la samaki, zilizopigwa zaidi ya miaka 1000 iliyopita, zenye majina kama Muhammad na Abdallah kwa herufi za Kiarabu. Habari za Pate, yaani maandishi ya kale ya historia ya wafalme wa Pate, zinazoanza na kuja kwa Wanabahani, ukoo wa watawala kutoka Omani, mwaka 1203, hazikuwahifadhi watu hao. Zenyewe zinasimulia jinsi Wapate walivyoishinda Shanga. Aliyeshindwa hakupata mwandishi, na fedha zile zimebaki kuwa karatasi yake.

Mwalimu wa Historia, Malindi

Ninakubaliana na mzee wangu wa Amu kuhusu miaka, lakini naomba tusiitupe hadithi ya bibi kwa haraka, maana ukweli wa mawasiliano na China una ushahidi pande zote mbili.

Mwaka 1415 ujumbe kutoka Malindi ulifika kwa mfalme Yongle wa China ukiwa na twiga. Wachina walimwona kuwa ndiye qilin, mnyama wa hadithi zao ambaye huonekana pale mfalme anapotawala kwa haki. Hebu wazieni jambo hilo: mtawala wa mji wetu, ambaye jina lake hatukuachiwa, alichagua zawadi ambayo ilikwenda kuingia katikati ya imani ya watu wa mbali kiasi kile. Wanafunzi wangu huuliza kila mara twiga alikula nini njiani, na mimi huona hilo ndilo swali bora kuliko yote, kwa sababu linawafanya waifikirie safari yenyewe, yaani maji, majani, dhoruba, na miezi ya kungoja pepo zigeuke.

Kisha kuna sarafu zenyewe. Mwaka 2010 wachimbaji wa Kenya na China walipata Mambrui, karibu na Malindi, sarafu ya shaba ya mfalme huyo huyo Yongle, yenye tundu la mraba katikati, na mwaka 2013 ikatangazwa nyingine iliyopatikana kisiwani Manda. Pale Gede, magofu ya mji wa kale karibu na Malindi, ambapo mwanaakiolojia James Kirkman alichimba kuanzia mwaka 1948, iko nyumba ambayo jina lake limetokana na sarafu za Kichina zilizokutwa ndani yake. Bakuli za Kichina tulizipachika hata makaburini, na lile kaburi la nguzo la Mambrui lilipambwa kwa bakuli hizo.

Sisemi kwamba sarafu moja ni merikebu iliyozama. Ninalosema ni kwamba bibi anakumbuka bahari iliyokuwa na Wachina ndani yake, na bahari hiyo ilikuwapo kweli. Chatu simwamini, kwa kuwa nyoka anayekula watu na mgeni anayemwua ni hadithi inayosimuliwa katika nchi nyingi ili kueleza mgeni alivyopata haki ya kukaa.

Binti Faza

Naongeza jambo moja fupi. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa zamani, wengi wao katika miji ya pwani, ikiwemo Manda, Mtwapa na Kilwa. Kwa wengi wa watu wa miji hiyo, zaidi ya nusu ya asili yao ilikuwa ya Kiafrika na ilipitia hasa kwa akina mama, na mchanganyiko na watu wa Asia ulianza karibu na mwaka 1000. Waasia hao walikuwa hasa wanaume Waajemi, pamoja na sehemu ndogo ya Wahindi. Kwa hiyo, wazee wetu waliosema kwamba tuna damu ya Uajemi hawakusema uongo, ila walipokuwa wakihesabu nasaba waliwataja baba wakawasahau mama.

Mwana wa Siyu

Nawashukuru sana. Maneno ya Binti Faza yamenichoma, kwa sababu bibi yangu mwenyewe, anapoitaja nasaba yetu, hutaja wanaume watupu, naye ndiye anayeibeba. Nitamwomba anitajie mama zake.

Mtembeza Wageni, Amu

Mwanangu, nina ombi. Sheria ya nchi haituruhusu kuvichukua vitu vya kale kutoka magofuni. Ulikuwa mtoto, hukujua, wala hakuna anayekulaumu, lakini kipeleke kigae hicho kwenye jumba la makumbusho hapa Amu. Kabla hujakitoa mkononi, andika mahali ulipokiokota, maana kigae kisicho na mahali ni pambo tu. Je, unakumbuka kilikuwa upande gani wa Msikiti wa Ijumaa?

Mwana wa Siyu

Nakumbuka vizuri, mzee wangu. Kilikuwa upande wa bahari, hatua kama thelathini kutoka ukutani, chini ya ukingo uliokuwa umebomoka baada ya mvua za masika. Hapo palikuwa na majivu na magamba ya chaza, na vigae vingi vyeusi vya vyungu ambavyo sikuvijali. Nitaandika hivyo hivyo, pamoja na hivyo vyeusi, na Jumamosi nikija Amu nitakileta.