Kivuko cha reli kilichokaa mshazari: baiskeli zinaanguka, wanafunzi wanapita. Tuombe marekebisho gani?

Mjumbe_Relini
Wakuu, naomba ushauri wa wenye ujuzi. Mtaani kwetu hapa Dar reli ya zamani (MGR) inakata barabara ya mtaa kwa mshazari, kama nyuzi 40 hivi. Njia ni moja, hakuna geti wala mshika bendera, kuna kibao cha msalaba tu. Kando ya reli kuna ufa unaomeza tairi la baiskeli, na upande mmoja lami imetitia. Wabeba mkaa na maziwa wanaanguka hapo, hasa mvua ikinyesha. Asubuhi watoto wa shule ya msingi wanavuka kwa makundi. Kamati ya mtaa inaandaa barua. Tuombe nini hasa? Na wakati tunasubiri, watu tuwaelekeze nini? Wengi wanasema matuta yanatosha.

FundiTuta
Mkuu, matuta peke yake hayatoshi, na yakiwekwa vibaya yanaongeza hatari. Tuta likiwa hatua chache baada ya reli, gari la mbele linapunguza mwendo na la nyuma linabaki limekaa juu ya reli. Mwendesha baiskeli naye anayumba pale pale anapotakiwa awe amenyooka.

Anza na huo ufa. Angalia uko upande gani wa reli, maana dawa ni tofauti. Gurudumu la treni lina ukingo unaoshuka upande wa ndani, kati ya reli mbili. Nafasi ya ndani lazima ibaki. Ukiijaza zege au kokoto, ukingo unapanda juu na treni inaweza kuacha njia. Ndiyo maana msimruhusu mtu wa mtaani "kusaidia" kwa kuziba na saruji. Lakini nafasi hiyo haitakiwi kuwa pana ovyo: viwango vya Marekani vya njia za waenda kwa miguu vinaweka ukomo wa mm 75 kwa reli ya mizigo na mm 64 kwa reli ya abiria pekee. Pimeni kwa rula. Mkikuta 100 au zaidi, kingo za kivuko zimeshaliwa. Upande wa nje wa reli hakuna ukingo wa gurudumu, kwa hiyo ufa wa nje unazibwa kabisa na sakafu inalingana na kichwa cha reli.

Kutitia kwa lami chanzo chake karibu kila mara ni maji. Matope yakijaa kwenye kokoto, mataruma (nguzo za kulalia reli) yanacheza kila treni inapopita na lami ya juu inavunjika. Kiraka kipya hakivuki masika. Ombeni kazi kamili: lami iondolewe, kokoto zibadilishwe na kushindiliwa, mitaro ichimbwe pande zote mbili, kisha zilazwe paneli za zege au za mpira. Ile mipira ya kujaza ufa wa ndani, ambayo gurudumu la treni huibonyeza, inafaa njia za mwendo mdogo tu. Kwenye njia kuu msiiombe.

Sasa pembe. Ufa wa mm 70 ukiuvuka kwa nyuzi 90, tairi linakutana na mm 70. Kwa nyuzi 40 linakutana na kama mm 109, na kwa nyuzi 30 ni mm 140. Tairi la baiskeli ya mzigo, 28 x 1½, lina upana wa karibu mm 40, kwa hiyo linaingia bila shida, linafuata reli na usukani unageuka wenyewe. Knoxville, jimbo la Tennessee huko Marekani, walikuwa na kivuko cha namna hii kwenye barabara ya Neyland Drive. Watafiti waliweka kamera, kisha njia ya baiskeli ikapindwa kidogo ili ikutane na reli kwa pembe kubwa, na kuanguka kukapungua sana. Pendekezo lao: isipungue nyuzi 30, lengo liwe 60. Kwenu maana yake ni kurefusha paneli kando ya barabara, mita 2 hadi 2.5 kila upande, mwenye baiskeli apate pa kujipindia bila kuingia mbele ya bodaboda.

Spoku28
Kwa wapanda baiskeli, kabla ya marekebisho: punguza mwendo mapema, tazama nyuma, jisogeze ili ukate reli kwa pembe iliyo karibu na mraba. Breki zote zifungwe KABLA ya reli. Chuma kilicholowa kinateleza kama sabuni, na breki ya mbele ikishikwa juu yake gurudumu linaondoka. Pedali zikae usawa, makalio yainuke kidogo, usukani usigeuzwe mpaka gurudumu la nyuma limepita.

Mwenye magunia kwenye karia ashuke asukume. Mzigo ukiwa juu unavuta nyuma, gurudumu la mbele linakuwa jepesi na linapotea kwenye ufa kirahisi. Guta ni tatizo jingine: magurudumu matatu yana njia tatu, kwa hiyo moja litakuta ufa tu. Asukume, na awepo wa kumsaidia.

Likinasa na treni inasikika, liache. Ondoka kwenye reli ukielekea upande treni inakotoka, kwa mshazari, ili vipande visikufuate vikirushwa.

Alama_Barabarani
Kwa watoto, fanyeni hesabu ya kuona. Reli za MGR zimeachana mita 1 tu, lakini behewa lina upana wa karibu mita 2.7 au zaidi, kwa hiyo linatokeza kama sm 85 nje ya reli kila upande. Mstari wa kusubiri uchorwe mita 3 kutoka reli ya karibu. Mtoto akikata reli kwa mraba, si kwa mshazari wa barabara, safari ya kuvuka inakuwa 3 + 1 + 3, yaani mita 7. Mtoto mwenye begi anatembea kama mita 0.8 kwa sekunde: karibu sekunde 9. Ongeza 3 za kuangalia na kuamua, zinakuwa 12. Treni ya kilomita 60 kwa saa inakwenda mita 16.7 kwa sekunde. Hivyo akiwa kwenye mstari lazima aone mita 200 kila upande.

Nendeni mkasimame hapo, mchuchumae mpaka kimo cha mtoto. Kibanda, kichaka au rundo la mchanga likiziba hizo mita 200, ombeni liondolewe kwanza. Ni kazi ya siku moja. Lisipoondoleka, wekeni mtu mzima saa za shule.

Waambieni pia watu wasiamini macho kuhusu mwendo. Kitu kikubwa kikija moja kwa moja kinaonekana kinakuja taratibu. Na treni ya mizigo iliyo kwenye mwendo inahitaji mamia ya mita kusimama, wakati mwingine zaidi ya kilomita.

Mjumbe_Relini
Asanteni sana. Swali la nyongeza: tukiweka uzio wa kona mbili ili watoto wapunguze mbio, kiti cha magurudumu kitapita? Na karibu hapo kuna SGR (reli mpya ya umeme), vijana wametoboa uzio wake.

Alama_Barabarani
Kitapita ukiacha nafasi ya mita 1.5 kwa 1.5 kila kona. Kona zimgeuze mtu atazame njia ya reli, si ukuta.

Tundu la SGR litolewe taarifa leo. Treni ya kilomita 160 kwa saa inamaliza mita 300 chini ya sekunde 7, ni ya umeme na hutaisikia mapema. Juu kuna nyaya za kilovolti 25: mwenye bomba refu au bati anaweza kupigwa bila kuzigusa.

FundiTuta
Barua: njia ya reli ni TRC (Shirika la Reli), barabara ya mtaa kwa kawaida ni TARURA (Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini), nakala LATRA (Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini). Pelekeni kote, maana paneli ziko mpakani na kila upande unaweza kusubiri mwenzake. Tajeni kivuko kwa nguzo ya kilomita iliyo karibu, ndivyo mafundi wanavyokitafuta. Ambatisheni picha hizi: ufa wa ndani na wa nje kila mmoja rula ikiwa ndani yake, lami iliyotitia ikiwa na ubao ulionyooka juu yake, na mwonekano wa pande zote mbili kutoka mita 3. Ubao huo uwe wa mita 1, mpime na kina cha shimo chini yake.