Kukunja bomba la chuma kwa fremu ya baiskeli ya magurudumu matatu

Swali: Ndugu mafundi, ninajenga nyumbani fremu ya baiskeli ya magurudumu matatu kwa bomba la chuma lenye kipenyo cha milimita 32 na unene wa milimita 2, lakini kila ninapolikunja, upande wa ndani wa kona hufanya makunyanzi na bomba hubonyea. Nifanyeje?

Jibu la kwanza: Huenda kona yako ni kali mno. Nusu kipenyo chake, kikipimwa hadi katikati ya bomba, kisipungue milimita 96, yaani mara tatu ya kipenyo cha bomba. Hapo kona ya nyuzi 90 itachukua takriban milimita 151 za urefu wa bomba. Mshono wa bomba, yaani mstari lilipounganishwa kiwandani, uuweke ubavuni mwa kona, kwa kuwa hapo chuma hakivutwi wala hakibanwi sana.

Jibu la pili: Ukikosa mashine ya kukunjia, jaza bomba mchanga laini uliokaushwa kabisa, uligongegonge hadi mchanga ushikamane, uzibe ncha zote, ndipo upashe moto sehemu ya kona mpaka iwe nyekundu. Ninasisitiza ukavu, maana unyevu hugeuka mvuke unaoweza kufyatua kizibo kama risasi. Bomba lililopakwa zinki usilipashe moto kamwe, kwa sababu moshi wake hudhuru.

Jibu la tatu: Ukilikunja bila moto, lipitishe pembe unayoitaka kwa nyuzi chache, kwani chuma hurudi kidogo kinapoachiwa. Pima kiasi hicho kwenye kipande cha bomba lilelile kabla ya kugusa fremu yenyewe.