Naomba ushauri: kuhama kutoka NAV kwenda Business Central

Asalaam aleykum wenzangu. Tuna duka la vifaa vya ujenzi Darajani na tawi Chake Chake. Hesabu zote ziko kwenye Dynamics NAV 2018, programu ya biashara ya Microsoft, seva imekaa chumba cha nyuma juu ya makasha ya misumari. Msaada wa kawaida wa Microsoft kwa NAV hiyo ulikwisha Januari 2023, ule wa nyongeza unaishia Januari 2028, kwa hiyo kuhamia Business Central, mrithi wa NAV, lazima.

Kinachonisumbua ni skrini moja. Fundi huchukua saruji na nondo, mwenye nyumba ndiye anayelipa, na fundi anabakiwa na chake kidogo. Kijana aliyetufungia mfumo aliiandika hiyo kwa C/AL, lugha ya kuprogramu ya NAV, ndani kwa ndani ya mfumo. Business Central ya mtandaoni haiipokei, lazima iandikwe upya kwa AL, lugha yake mpya. Na kijana mwenyewe siku hizi yuko Oman.

Mliokwisha hama, mlibeba miamala yote ya zamani au salio la mwanzo tu? Mhasibu wetu, mtu mzima, anataka yote tangu siku ya kwanza. Mimi naona mzigo. Na intaneti ikikatika Chake mchana, wateja wamejaa kaunta, mnauzaje? Mnarudi kwenye daftari?