Nimesema asili ya neno, nikageuzwa mfano wa neno

Wakuu habari zenu, yangu mimi si nzuri.

Yule mjuaji wetu mnamjua, sina haja ya kumtaja, yule hata ukipiga chafya anakueleza chafya imetoka lugha gani, leo kanifikisha mwisho. Mtu kauliza kistaarabu kabisa kwenye grupu, neno hayawani limetoka wapi. Mjuaji kadandia, eti ni "haya" na "wa nini", yaani kiumbe asiyejua haya ni za nini ndo maana tunaita hivyo wanyama wa porini. Haya wa nini!! Na watu wakamwagia makopakopa. Nikasema kwa adabu zangu zote jamani hilo ni la Kiarabu, hayawan, limetokana na uhai, ukoo mmoja na neno letu hai, Waturuki wanalo hayvan, Wamalesia haiwan, Waindonesia hewan, sasa na wao huko waliulizana haya wa nini kwa Kiswahili? Mnajua kajibu nini?

"Mfano katika sentensi: Hayawani huyu anabishana na wakubwa."

Mfano katika sentensi wakuu. Mimi. Nimewekwa kwenye sentensi kama Juma na mpira wake. Grupu zima likacheka, hadi wale ambao hawajawahi kuandika hata salamu walifufuka wakacheka wakarudi kaburini. Angenitukana tusi la kawaida ningelala zangu fresh. Lakini mfano katika sentensi!! Na admini kaipini pale juu. KAIPINI.

Kombamwiko: Si umesema mwenyewe maana yake ni kiumbe hai? Sasa povu la nini, kwani wewe marehemu?

Mleta mada: Kwa Kiarabu! Kwa Kiswahili ni mnyama na ni tusi la mtu asiye na utu, na alijua anachofanya, angalia ile "huyu". Hayawani HUYU.

BintiMkimya: Waarabu wa elimu ya mantiki walisema binadamu ni hayawani natiki, hayawani anayenena. Kwa unavyonena humu umefuzu 😂

Jongoo la Mvua: Kurani 29:64 neno hilohilo limetumika kwa maisha ya kweli ya akhera. Kamshukuru jamaa.

Mzee Kobe: Kijana tuliza moyo. Hata haya, hii ya aibu, nayo ni ya Kiarabu na mzizi wake ni huohuo wa uhai. Jamaa kapotea njia lakini kaangukia kwa jirani.

Mleta mada: Shikamoo mzee, lakini hata wewe?? Na hiyo "wa nini" nayo ni ya Kiarabu? Mimi nimewekwa kwenye sentensi, someni uzi jamani.

Sijali: Mimi kinachoniudhi ni mbwa mwitu. Mnyama hajawahi kufugwa na mtu, miguu ya mbele ana vidole vinne wakati mbwa wa nyumbani ana vitano, bado tumembebesha ubwa. Halafu mbwa mwitu wa kwenye Biblia, wale wenye mavazi ya kondoo, ni mnyama mwingine kabisa, yule ambaye mbwa wetu katokana naye. Mtoto akiniuliza naanzia wapi?

Kombamwiko: Mwitu ni msitu tu. Wakikuyu mpaka leo wanasema mũtitũ.

Sijali: Nani kauliza msitu?

Tumbili wa Tatu: Mmeacha la maana. Mnyama na nyama! Wabantu aliye porini na aliye sufuriani walimpa shina moja, nenda Kilingala nyama ni huyo mnyama na ndo hiyohiyo ya kwenye sahani. Nia yetu kwao ilikuwa wazi tangu zamani.

BintiMkimya: Wanyamapori wakisoma huu uzi wanahama 😂😂

Kisirani: Hivi wanyamapori inaunganishwa au inaachanishwa? Bosi kanirudishia ripoti nzima kisa hiyo, nina hasira mpaka leo.

Sijali: Inaachanishwa.

Mzee Kobe: Inaunganishwa. Ukitaka kuachanisha sema wanyama wa porini, uweke na hiyo "wa".

Mleta mada: Tunarudi kwenye mada au?

Kisirani: Mzee na nguruwe pori je?

Sijali: Sema ngiri, yaishe.

Tumbili wa Tatu: Ngiri na nguruwe pori ni wanyama wawili tofauti, we vipi?