Wauza magari ya umeme Dodoma: mnafuta kumbukumbu za betri, mnakata plagi, na akaunti za nyumba zetu mnabaki nazo nyie

Wakuu, salaam.

Naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Kuna yadi hapa Dodoma inauza Nissan Leaf zilizotumika Japani, na inaziuza pamoja na kitu wanachokiita kifurushi cha nyumba janja: soketi za Wi-Fi, kamera, kitasa cha alama za vidole, vyote unaviendesha kwa simu. Jina la yadi silitaji kwa sababu suala langu liko kwa mwanasheria. Ila mchezo wenyewe nauanika wote, maana najua hauchezwi na yadi moja na waliolizwa hatuko wachache.

Naanza na betri, kwa sababu ndiyo gari lenyewe. Ukitoa betri kwenye Leaf, kilichobaki ni viti na bodi.

Leaf inaonyesha afya ya betri kwa vipande 12 vidogo pembeni ya geji ya chaji. Kipande cha kwanza kinapotea betri ikishapungua uwezo kama asilimia 15, kisha kila kimoja kinachofuata ni kama asilimia 6 hivi. Nililouziwa ni la 2014, betri ya kWh 24 (yaani yuniti 24 za umeme), na pale yadi lilikuwa linawaka vipande vyote 12. Nikauliza inawezekanaje, gari la umri huo, tena betri yake haipozwi kwa kimiminika, inategemea upepo tu. Nikajibiwa kwamba lilikuwa la mzee mmoja wa Japani, muda wote limefungiwa gereji. Matango pori matupu.

Nimeanza kulitumia, vipande vikaanza kudondoka. Kumi na moja. Kumi. Tisa. Vikaja kutulia kwenye nane. Sasa betri ya lithiamu haizeeki kwa mwendo huo, inachoka taratibu mwaka hadi mwaka. Ilichofanyiwa ni hiki: mle ndani kuna kompyuta ndogo inayohesabu uwezo wa betri na kutunza kumbukumbu. Ukiichomeka kifaa cha kuifuta kumbukumbu, inadhani imefungiwa betri mpya, inawasha vipande vyote 12. Mnunuzi anaona, anafurahi, analipa. Gari likishatembea, kompyuta inajifunza upya ukweli wa betri iliyonayo na vipande vinarudi vilikotakiwa kuwa. Ni wizi uleule wa kurudisha kilomita nyuma kwenye dashibodi, umehamia kwenye betri.

Na kuna siku hii nataka muisikie. Nampeleka mama kliniki upande wa UDOM. Geji inaonyesha chaji bado ipo. Tunaanza kupanda kile kilima, ghafla inawaka alama ya kobe kwenye dashibodi. Mnaomiliki Leaf mnaijua hiyo alama: gari linajinyima nguvu ili kuilinda betri. Nakanyaga mafuta, haliitiki. Bajaji zinanipita kushoto na kulia, nyuma daladala inapiga honi, na mama yangu, mtu mzima mwenye presha, ameshika mpini wa mlango kwa mikono miwili ananiuliza, "Baba, gari limekufa?" Tulifika kwa kusota pembeni ya barabara na hazadi zinawaka.

Baadaye fundi mmoja kijana, Mungu ambariki, alichomeka kifaa cha OBD, kile cha kusoma kompyuta ya gari, akafungua programu ya LeafSpy kwenye simu yake. Betri ya kWh 24 ina seli 192 zilizofungwa mbilimbili, kwa hiyo kwenye kioo unaona mistari 96 imesimama, kila mmoja ni volti ya jozi moja. Gari likiwa limeegeshwa na chaji imejaa, mistari yote ilikuwa karibu sawa. Akasema tusubiri chaji ishuke, tulipeleke tena kilimani. Tulipolikaba mlimani nikaiona kwa macho yangu: mistari mingi imeshuka pamoja, halafu minne ya mwisho mwisho imezama chini kabisa, wenzake wameiacha mbali. Akanionyesha kwa kidole, akasema hizi ndizo zinazoliangusha gari lako, gari zima linasikiliza seli iliyo dhaifu kuliko zote. Ndiyo maana geji ilikuwa inasema chaji ipo na kobe anawaka.

Kwa hiyo yeyote anayetaka kununua, asikubali kupimiwa yadi gari likiwa limejaa chaji. Lipimwe chaji ikiwa chini, likiwa linapanda mlima. Muuzaji akikataa hilo, ondoka.

Halafu ule umbali wanaotangaza. Bango lao linasema kilomita 228. Hiyo namba ipo kweli, ni ya kipimo cha Japani kiitwacho JC08, kwa gari jipya. Gari hilohilo la 2014 Wamarekani kupitia EPA, shirika lao la serikali la mazingira, walilipimia maili 84, ambazo ni kama kilomita 135, nalo likiwa jipya. Toa theluthi ya uwezo wa betri kama yangu, unabaki na kama kilomita 90, hapo hujawasha AC kwenye jua la Novemba. Mtu wa Dodoma anaposikia 228 anawaza kwamba Singida ni kama 240, kwa hiyo akichaji kidogo Manyoni anafika. Wanamwacha awaze hivyo. Kuna jamaa wa Nkuhungu aliyenipigia baada ya kusikia kisa changu, yeye lilimzimikia kabla ya Kibaigwa akiwa na familia, likaja kubebwa na lori la mchanga.

Plagi. Hapa ndipo wangeniunguzia nyumba.

Waya wa kuchajia unaokuja na gari la Japani umetengenezwa kwa volti 200 na plagi yake ya kwao, haiingii kwenye soketi zetu. Wao wamefanya nini? Wamekata ile plagi, wakafunga plagi yetu ya pini tatu, zile za bei rahisi za Majengo. Gari linavuta kama ampea 13 hadi 15 bila kupumzika, usiku kucha, maana kwa kWh 3 kwa saa unahitaji kama saa 8 kujaza. Plagi ya pini tatu kikomo chake ni ampea 13, tena ikiwa nzuri. Juu ya hapo wakaniuzia soketi ya Wi-Fi ya "kuchaji kwa saa maalumu kupitia simu". Nimeigeuza kuisoma mgongoni, imeandikwa 10A. Mtu anayejiita mtaalamu wa magari ya umeme anamuuzia mteja soketi ya ampea 10 achajie gari!

Mke wangu ndiye aliyeamshwa na harufu. Nilipoichomoa, pini moja ilibaki ndani ya soketi, plastiki imeyeyuka na kuigandia, ukuta wa kibaraza umekuwa mweusi hadi usawa wa dirisha la chumba cha watoto. Fundi umeme alikuja akaniambia kitu ambacho muuzaji alitakiwa kuniambia kabla hajapokea hela: gari liwe na laini yake peke yake kutoka kwenye meni swichi, waya mnene, breka yake, ethi iliyopimwa, na chaja ya ukutani iliyotengenezwa kwa ajili ya magari. Kazi hiyo ina gharama na inajulikana. Wanaificha ili bei ya gari ionekane ndogo.

Kwenye gharama za umeme sitakaa sana. Wanakwambia unajaza gari kwa shilingi 2,400. Wamechukua kWh 24 wakazidisha kwa shilingi 100. Bei hiyo ya LUKU ni ya wateja wa D1, yaani wa majumbani wanaotumia umeme kidogo, kwa yuniti 75 za kwanza za mwezi. Jaza gari mara tatu tu umekaribia kuzimaliza, hata friji hujawasha. Yuniti inayozidi hapo ni 350, kwa hiyo kujaza ni 8,400. Bado ni nafuu kuliko petroli, ndiyo maana nililitaka gari la umeme na bado nalitaka. Sasa kama ukweli wenyewe unauzika, wanadanganya wa nini?

Nakuja kwenye kilichonifanya nifungue huu uzi usiku huu.

Kijana wao wa kufunga vifaa alipokuja kwangu Ilazo alifunga kamera mbili, kitasa cha mlango mkubwa, taa na soketi. Alivisajili vyote kwenye akaunti yake yeye, kwa namba yake ya simu. Kisha mimi na mke wangu akatuongeza kama "wanafamilia". Kwenye programu za namna hii mwenye akaunti ndiye mwenye nyumba: anaona kila kamera, anaweza kufungua kitasa, anaona nani katoka na nani kaingia saa ngapi, anaongeza mtu au kumtoa. Hakuna aliyenieleza. Nilijua siku nilipopeleka barua ya kudai kurudishiwa hela ya gari. Jioni yake simu yangu ikaleta ujumbe kwamba nimeondolewa kwenye nyumba. Ya mke wangu hivyohivyo. Nyumba niliyojenga mwenyewe, tofali kwa tofali, mtu wa yadi ananiondoa kwa kubonyeza kitufe, halafu yeye anabaki na picha za sebule yangu na mabinti zangu wanavyopita koridoni.

Usiku ule ule nilizima rauta, nikang'oa kamera, nikabadilisha kitasa nikaweka cha funguo.

Nchi hii ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ilipitishwa 2022 na ikaanza kutumika Mei 2023, na Tume yake ipo. Picha za ndani ya nyumba yangu ni taarifa zangu. Tuna Sheria ya Ushindani ya 2003 inayokataza kumdanganya mlaji kuhusu ubora na hali ya bidhaa, na FCC, Tume ya Ushindani, ndio wanaoisimamia. Kufuta kumbukumbu ya betri ili ionekane mpya kama si udanganyifu kuhusu hali ya bidhaa, basi hayo maneno hayana maana.

Na hata muuzaji akiwa mwaminifu, vifaa hivi vinavyotegemea seva ya mtu mwingine ni vya kuulizia maswali. Aprili 2022 kampuni ya Insteon ya Marekani ilizima seva zake bila kuwaaga wateja, watu wakaamka taa zao hazisikii simu. Nissan wenyewe, Aprili 2024, walizima huduma ya simu kwa Leaf za zamani kule Uingereza. Mimi nimeahidiwa na yadi kwamba nitawasha AC ya gari kutoka ofisini Mtumba kwa simu. Huduma ile ni ya Japani na laini ya Japani, haijawahi kufanya kazi hapa hata siku moja, na wanalijua hilo.

Ninachodai kwa hawa watu hakizungushwi. Hela yangu irudi au betri nzuri ifungwe. Gharama ya ukuta na nyaya walipe. Akaunti ifutwe mbele yangu na mwanasheria wangu, pamoja na kila picha iliyorekodiwa. Nimechoka na danadana za "bosi yupo Dar, piga wiki ijayo".

NYONGEZA: Naona wachache mnauliza kwa nini sikununua gari la petroli kama watu wengine. Mnawatetea wezi bila kujua. Mtu hauziwi uongo kwa sababu amechagua teknolojia mpya. Mwingine kauliza kama vipande vikishafutwa kuna namna ya kugundua hapohapo: ndiyo, soma hapo juu kuhusu kupima chaji ikiwa chini kwenye mlima, na tazama tofauti ya volti kati ya seli, usitazame vipande.

Mliouziwa Leaf hapa Dodoma na vipande vikaporomoka baada ya kununua, njooni PM. Leteni risiti, picha ya dashibodi siku mliyochukua gari, na vipimo vya LeafSpy vya sasa. Mlio Kisasa, Nzuguni na Area D kuna fundi anaweza kuwapimia jioni baada ya kazi. Tukishakusanya, malalamiko yanaenda FCC kwa pamoja, na ya kamera yanaenda Tume ya Taarifa Binafsi. Wale mliofungiwa kamera na kijana wa yadi, msisubiri: fungueni programu sasa hivi, mtazame jina la mwenye nyumba ni la nani.